Pilipili kichaa: zao linaloweza kusubiri Garsen

Maembe yanapoiva Ngao, Oda, Golbanti na vijiji vingine vya delta ya Mto Tana, huiva yote kwa mpigo, na taabu huanzia hapo. Mkulima hana chumba cha baridi, hana kiwanda jirani cha kusindika, na dalali aliyefika na lori anajua fika kwamba embe lisiponunuliwa leo, keshokutwa litakuwa chakula cha nzi. Bei inapangwa na saa. Utamu wa tunda haumo katika hesabu. Ndiyo maana swali la zao gani lilimwe Garsen, katika kaunti ya Tana River nchini Kenya, haliwezi kujibiwa kwa kupima udongo peke yake. Udongo wa delta ni mzuri, na umekuwa mzuri tangu enzi za mababu wa Wapokomo waliofuata maji ya mafuriko yakishuka, wakapanda mpunga, mahindi na ndizi kwenye tope lililoachwa nyuma. Kinachokosekana ni zao la biashara linaloweza kusubiri: kusubiri barabara ifunguke, kusubiri mnunuzi wa pili atoe bei yake, kusubiri hata mwenye shamba arudi kutoka kwenye miinuko alikokimbilia maji. Pilipili kichaa, ile ndogo inayosimama wima kwenye tawi na kumtoa machozi mlaji, ni mojawapo ya mazao machache yenye sifa hiyo. Inastahili kupewa nafasi Tana River, na sababu kubwa ya kuipa nafasi ni ule ukali wake wenyewe.

Wengi huuchukulia ukali kama jambo la ladha tu. Kinachowasha ndani ya pilipili ni kemikali iitwayo kapsaisini, inayotengenezwa kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu. Mbegu zenyewe huwasha kwa kuwa zimegusana na utando huo. Kapsaisini haimuunguzi mlaji, inamdanganya. Mwaka 1997 maabara ya David Julius huko California ilitambua kipokezi kwenye neva kinachoitikia joto kali na kapsaisini kwa namna moja, hivyo ubongo hupelekewa habari kwamba mdomo unaungua ilhali hauungui. Kazi hiyo ilimpa Julius sehemu ya Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021. Kipokezi hicho wanyama wanaonyonyesha wanacho. Ndege nao wana chao, lakini hakishtuliwi na kapsaisini, na ndiyo sababu shore anaweza kudonoa pilipili asubuhi nzima bila kukohoa. Mwaka 2001 watafiti Joshua Tewksbury na Gary Nabhan walionyesha faida ambayo mmea unaipata hapo: mbegu inayopita tumboni mwa ndege hutoka nzima na kwenda kuota mbali, wakati panya huisaga kwa meno ikaishia hapo. Miaka saba baadaye Tewksbury na wenzake walionyesha, kwa kuchunguza pilipili mwitu za Bolivia, kwamba kapsaisini pia huzuia kuvu linaloozesha mbegu. Kwa maneno mengine, ukali ni ulinzi ambao mmea ulijitengenezea kabla mwanadamu hajaanza kuutafuta kwa ajili ya kachumbari.

Ulinzi huo una maana ya pekee kwenye delta. Mkulima wa ukingo wa Tana hushindana na nyani na tumbili mchana, kiboko na nguruwe mwitu usiku, na katikati ya hao kuna ng'ombe na mbuzi wanaoshuka mtoni wakati wa ukame. Wote ni wanyama wanaonyonyesha, na ni nadra kumkuta mmoja wao akimaliza tunda la pili. Hata makundi ya kwelea, balaa la wakulima wa mpunga, hufuata nafaka na kuiacha pilipili. Shamba la mahindi kando ya mto linahitaji mtu wa kulinda tangu linapotoa masuke hadi linapovunwa, na mara nyingi mlinzi huyo ni mtoto aliyepaswa kuwa darasani. Pilipili inapunguza sehemu kubwa ya kazi hiyo ya ulinzi. Nasema inapunguza kwa sababu sifa hii imetiwa chumvi na watu wengi. Kapsaisini imo kwenye tunda. Majani yana kiasi kidogo sana, na mbuzi mwenye njaa ataung'ata mche mchanga bila kujali utakuja kuzaa nini. Kwato za ng'ombe mia mbili nazo hazichagui zao. Na wale wanaodai kwamba uzio wa kamba zilizopakwa mafuta na pilipili, mbinu iliyoenea kutoka Zimbabwe na Zambia, utamaliza ugomvi wa watu na tembo, wanapaswa kuukumbuka utafiti wa Way Kambas, Sumatra, uliochapishwa mwaka 2010. Huko ilionekana kwamba pale wakulima wanapolinda mashamba yao kwa bidii, kuongeza pilipili hakuleti tofauti ya maana. Tunda linajilinda lenyewe. Kulitumia kulinda mahindi ya jirani ni habari nyingine.

Hapa lazima lisemwe wazi jambo ambalo watetezi wa kilimo hupenda kulipita. Ugomvi wa wakulima na wafugaji Tana River haukuanzia kwenye ulafi wa mbuzi. Agosti 2012, watu zaidi ya 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa kwa siku moja, na umwagaji damu uliendelea hadi mwaka uliofuata. Nyuma ya mauaji hayo kulikuwa na mashindano ya ardhi, maji, malisho na siasa za uchaguzi. Malka, njia ambazo Waorma na Wawardei hupitisha mifugo kwenda mtoni, ni uhai wa mfugaji kama shamba lilivyo uhai wa Mpokomo. Zao ambalo ng'ombe halili linaweza kumshawishi mkulima mwenye tamaa alipande katikati ya malka, akijitetea kwamba halitaliwa. Likifanyika hilo, pilipili itakuwa imeongeza ugomvi badala ya kuupunguza. Matumizi yake ya haki ni kuipanda pembeni, kwenye mipaka ya mashamba yaliyopo, ili mnyama akiteleza kutoka njiani akutane na kitu kisicho na hasara kubwa. Wafugaji nao wana mali ambayo pilipili inaihitaji mno: samadi. Maboma ya Waorma yana samadi ya miaka mingi, na shamba la pilipili lisilo na samadi huchoka upesi. Biashara ndogo ya magunia ya samadi haitaleta amani peke yake, ila inampa kila upande sababu ya kutaka mwenzake awepo mwaka ujao.

Turudi kwenye kusubiri, maana uzito wa hoja umo humo. Pilipili kichaa ina urefu wa sentimita mbili au tatu na nyama nyembamba, hivyo hukauka upesi ikipata jua na upepo. Ikishakauka vizuri na kuwekwa mahali pakavu, hukaa miezi bila kuharibika. Hupungua uzito sana, kilo tatu au nne za mbichi zikitoa takriban kilo moja, lakini kwa uzito uleule ina thamani kubwa kuliko maembe, na bodaboda anaweza kuibeba. Kwa kaunti ambayo barabara zake hukatwa na maji, hili si jambo dogo. Mafuriko ya 2018, ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024 yaliwaacha watu wa Garsen na majirani zao wakivuka kwa mashua mahali walipozoea kupita kwa matatu. Mazao mabichi yaliyokuwa njiani wakati huo yalioza. Gunia la pilipili kavu lililo juu ya dari halina haraka hiyo.

Soko nalo halikuzuka jana. Pilipili hizi asili yake ni Amerika, zikafika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kuzunguka Bahari ya Hindi, na kufikia zama za ukoloni pilipili za Zanzibar na za Mombasa zilikuwa na majina yao kwa wafanyabiashara wa viungo wa Ulaya, waliozisifu kwa ukali. Leo pilipili kichaa ya pwani ya Kenya hulimwa na wakulima wadogo kwa mkataba na kuuzwa nje ikiwa kavu. Kampuni ya Equator Kenya ya Malindi ni mmojawapo wa wanunuzi. Malindi iko karibu kuliko Nairobi, na barabara ya kutoka Garsen ni moja tu. Mahitaji hayaishii jikoni. Kapsaisini huingia kwenye dawa za kupaka za maumivu ya viungo, na plasta yenye asilimia 8 ya kemikali hiyo iliidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2009 kwa maumivu ya neva.

Vijana waliozoea video za watu wanaolia baada ya kutafuna pilipili za kuvunja rekodi watauliza kwa nini basi tusipande zile. Ukali hupimwa kwa vizio vya Scoville, kipimo alichokibuni Wilbur Scoville mwaka 1912 kwa kuongeza maji ya sukari kwenye dondoo la pilipili hadi waonjaji wasisikie tena mwasho. Siku hizi mashine ndizo hupima. Pilipili hoho ni sifuri. Pilipili kichaa huwa kati ya 50,000 na 100,000, nyingine zikizidi. Pepper X, iliyozalishwa na Ed Currie wa South Carolina na kutambuliwa na Guinness mwezi Oktoba 2023, ina wastani wa 2,693,000. Namba hizo zinauza tiketi za maonyesho, na hapo ndipo faida yake inapoishia kwa mkulima wa Tarasaa. Pilipili za jamii hiyo, sawa na ndugu yao pilipili mbuzi, zina tunda kubwa lenye mikunjo na nyama nyingi, linalokauka polepole na kuota ukungu upesi katika unyevu wa pwani. Mnunuzi wa viungo anataka tani za tunda safi lenye ukali unaofanana mwaka hadi mwaka. Kichaa inatosha.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye historia, na aliyeishi Tana River ana haki ya kulitoa kwa sauti ya juu. Eneo hili limeahidiwa utajiri wa mazao ya biashara mara nyingi. Mradi wa umwagiliaji wa Hola ulianza mwaka 1953, pamba ikawa zao lake, na mwaka 1989 mto ukahama njia na kuiacha pampu mahali pasipo na maji. Ule wa Bura ulikula fedha nyingi miaka ya 1980 kisha ukadorora. Mashamba ya mpunga ya TARDA, mamlaka ya serikali ya kuendeleza mabonde ya mito Tana na Athi, kwenye delta yalivunjwa na mvua za El Niño za 1997. Mpango wa kupanda miwa kwenye hekta zipatazo 20,000, uliopewa idhini mwaka 2008, uliishia kwenye kesi na hasira. Kwa nini pilipili iaminiwe? Jibu langu ni kwamba miradi yote hiyo ilihitaji kitu kimoja kikubwa kisimame ndipo vingine visimame: pampu, tuta, kinu cha sukari, meneja kutoka Nairobi. Pilipili inaweza kulimwa kwenye robo ekari kwa ndoo na jembe, na ikifa, mwenye shamba amepoteza robo ekari. Hata hivyo pingamizi halijaisha kabisa, kwa sababu mnunuzi mmoja naye anaweza kuwa pampu. Kampuni ikibadili bei au ikifunga mlango, wakulima elfu moja wenye mkataba mmoja watakuwa palepale walipokuwa wakulima wa pamba. Kinga ya hilo ni ile sifa ya kusubiri, lakini inafanya kazi kwa mkulima mwenye mahali pa kuhifadhi na aliyejiunga na wenzake kuuza kwa pamoja. Aliye peke yake na deni la mbegu atauza siku ileile, kavu au mbichi.

Wapo watakaosema kwamba pilipili haishibishi. Ni kweli, na ndiyo maana hakuna mtu anayepaswa kung'oa mpunga ili aipande. Watu 315,943 waliohesabiwa Tana River katika sensa ya 2019 wanaishi katika kaunti ambayo sehemu yake kubwa haipati hata milimita 500 za mvua kwa mwaka, na njaa ni mgeni wanayemjua kwa jina. Isitoshe, pilipili na mpunga havigombanii ardhi moja. Mpunga unataka bonde linalojaa maji. Pilipili ikisimama ndani ya maji siku chache mizizi huoza na mti mzima hunyauka ukiwa bado na matunda. Mahali pake ni kingo zilizoinuka, pale penye miembe na nyumba, au bara kidogo kwa wenye uwezo wa kunyweshea. Miche hukaa kitaluni wiki sita hadi nane, huanza kuchumwa miezi mitatu au minne baada ya kuhamishiwa shambani, na huendelea kuzaa mwaka na zaidi. Anayeambiwa apande ekari tatu bondeni kwa sababu udongo ni mweusi anapotoshwa.

Kinachonitia wasiwasi kuliko mafuriko ni kukausha. Tembea kwenye kijiji chochote cha pwani kinacholima pilipili na utaziona zimetandazwa juu ya turubai ardhini, kuku wakipita juu yake, na manyunyu ya jioni yakizikuta papo hapo. Zile za juu hung'aa kwa wekundu. Zigeuze utakuta za chini zina weupe wa ukungu kwenye kikonyo. Ukungu huo unaweza kuwa chanzo cha aflatoksini, sumu ambayo Wakenya hawahitaji kuelezwa: mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwaua watu 125 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake. Umoja wa Ulaya hauruhusu pilipili kavu yenye zaidi ya mikrogramu 5 za aflatoksini B1, au 10 za aina zote kwa jumla, katika kilo moja. Hapo ukali haumsaidii mtu. Kuvu la shambani na la ghalani si lile lile la Bolivia. Kinachosaidia ni kichanja kilichoinuliwa kufika kiunoni, wavu unaopitisha hewa chini na juu, na karatasi ya plastiki ya kufunika mvua inapotanda. Gharama yake ni miti, misumari na wavu. Ajabu ni kwamba miradi mingi ya kilimo hugawa mbegu mbele ya wapiga picha, kisha vichanja vikaachwa kuwa shauri la mkulima.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye mikataba. Wahenga waliuliza, pilipili usiyoila yakuwashiani? Mchumaji ana jibu. Tunda ni dogo, huchumwa moja moja, na kwa bei nzuri hutakiwa litolewe kikonyo. Baada ya saa kadhaa kapsaisini hupenya kwenye ngozi ya vidole, na kwa kuwa haiyeyuki kwenye maji, kunawa hakusaidii sana. Mafuta ya kupikia kwanza, kisha sabuni, ndiyo dawa. Mama anayemnyonyesha mtoto baada ya kuchuma, au kijana anayejifuta jasho la macho, anajua uzito wa kilo moja. Kazi hii mara nyingi huwaangukia wanawake na watoto, na anayepigia debe zao hili bila kutaja glavu na malipo ya wachumaji ameifanya hesabu nusu. Kwa watoto jibu ni fupi zaidi: wasichume.

Na kula je? Woga mkubwa ni vidonda vya tumbo. Barry Marshall na Robin Warren walipata Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria, *Helicobacter pylori*. Dawa fulani za maumivu nazo huchangia. Pilipili humsumbua aliye na kidonda tayari au kiungulia, naye afuate ushauri wa daktari wake, lakini haikumpa kidonda hicho. Aliyezidiwa na ukali asikimbilie maji. Maziwa ndiyo yanayofaa, kwa sababu protini yake huiondoa kapsaisini kwenye ulimi, na Garsen haina upungufu wa watu wanaojua maziwa mazuri. Pwani hii imekula pilipili karne kadhaa: kwenye mhogo wa kukaanga uliomiminiwa ndimu, kwenye embe bichi la chumvi wanalonunua watoto nje ya shule, kwenye viazi karai na rojo la ukwaju, kwenye samaki wa kupaka, kwenye achari inayokaa kabatini tangu Ramadhani hadi Ramadhani. Yapo maembe mabichi Ngao, zipo ndimu, ipo pilipili. Achari inayotengenezwa Garsen na kuuzwa Malindi, Lamu na Mombasa haingojei cheti cha Ulaya, ingawa usafi na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, vitahitajika, na inamnusuru mkulima siku mnunuzi wa nje anapogeuka.

Kwa hiyo serikali ya kaunti na mashirika yanayofanya kazi kwenye delta yaombwe jambo moja kabla ya msimu ujao wa mvua: gunia la kwanza la mbegu lisigawiwe mahali ambapo hapajajengwa kichanja, hapajatengwa ghala lililoinuliwa juu ya kimo cha maji ya mafuriko, na wazee wa wakulima na wa wafugaji hawajaonyesha kwa mikono yao malka inapita wapi.